Saa nane usiku mjini Lexington

Bibi alinipa vitu vitatu nimpelekee binti yake Marekani: kitenge, nusu kilo ya dagaa wa Kigoma, na salamu kwa mjukuu wake wa mwisho. Kitenge kilifika. Dagaa nao walifika, ingawa afisa wa forodha uwanja wa ndege alifungua mfuko, akanusa, akaufunga haraka. Salamu ndizo zilizonishinda.

Ilikuwa Agosti mwaka jana, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Nilikwenda na kibali changu kuandika habari za chanjo za watoto. Bibi huyo ni Mbembe kutoka Fizi, Kivu Kusini. Aliingia Tanzania mwaka 1996, mwaka ambao kambi hiyo ilifunguliwa, akiwa ameshika mkono wa binti yake wa miaka 15. Binti huyo sasa ana miaka 44 na anaishi Lexington, jimbo la Kentucky.

Nilipomwambia kwamba mwezi unaofuata nitakwenda Marekani kwa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari za afya, Bibi aliniangalia kwa muda, kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mfuko.

“Kuanzia leo wewe ni mdogo wake,” akasema. “Ukifika, ukae kama mtoto wa nyumbani. Na ule mutoto wa mwisho, aliyezaliwa kule, umwambie bibi yake si picha ya kwenye simu. Mimi ni mtu. Kila nikimsemesha ananiambia ‘hai’, halafu anakimbia.”

Nikamwambia nitamfikishia. Niliona ni kazi nyepesi.

Mji wa farasi

Ndege ikikaribia kutua Lexington, kitu cha kwanza unachokiona ni nyasi. Mashamba ya farasi yamezunguka mji, yamegawanywa kwa uzio wa mbao uliopakwa rangi nyeusi au nyeupe, kilomita kwa kilomita. Ng’ambo ya barabara ya uwanja wa ndege kuna Keeneland, uwanja mashuhuri wa mbio za farasi, ambako farasi pia hupigwa mnada kwa mamilioni ya dola.

Dada (ndivyo nilivyomwita, kwa kuwa nilishakabidhiwa undugu) anaishi upande mwingine wa mji, kwenye nyumba za kupanga za ghorofa mbili. Nilishuka kwenye gari nikasikia mtu anapiga kelele dirishani: “We mutoto, rudisha ile baiskeli!” Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya siku nzima, nikafika penye Kiswahili.

Wakongomani ni wengi Lexington, na wengi wao wamepitia kambi za Tanzania, Uganda na Burundi. Ukitoa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika zaidi mjini humo. Kuna maduka yanayouza mawese, unga wa muhogo na sombe, yaani kisamvu. Kuna makanisa ambayo ibada nzima ni Kiswahili. Mtu anaweza kuishi wiki nzima, kutoka kanisani hadi dukani hadi kwa jirani, bila kutafuta neno la Kiingereza.

Shida huanza anapougua.

Dada alifika hapo mwaka 2017 na binti yake aliyekuwa na miaka 6. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache kabla ya safari, na yeye alipanda ndege akiwa na mimba. Mtoto wa kiume alizaliwa Lexington. Leo binti ana miaka 14 na kaka mtu mdogo ana miaka 7. Dada anafanya kazi kwenye ghala la kufungasha bidhaa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana. Mkopo wa nauli ya ndege, ambao wakimbizi wanaopelekwa Marekani hutakiwa kuurudisha kidogo kidogo, alishaumaliza. Ni mwanamke asiyependa kudaiwa.

Jioni ile tulikula bugali na dagaa wa mama yake. Alikula taratibu, hakusema kitu. Mtoto wa kiume alionja dagaa mmoja, akakunja uso, akamwambia dada yake jambo kwa Kiingereza. Mama akamjibu kwa Kiswahili. Mtoto akajibu kwa Kiingereza. Yakaendelea hivyo mpaka sahani zikaisha.

“Mimi nasema Kiswahili, bo banajibu Kingereza,” Dada akaniambia. “Nyumba moja, lugha mbili.”

Nilimwita mtoto nikampa salamu za bibi yake. Nilizisema polepole, neno kwa neno. Alinitazama kwa adabu kabisa, kama mtu anayesubiri tangazo la uwanja wa ndege liishe. Kisha akamgeukia dada yake na kumuuliza nimesema nini.

Kengele ya usiku

Nililala sebuleni kwenye kochi. Saa nane usiku kengele ya simu ililia. Nikasikia mlango, miguu, maji yakimiminwa kwenye kikombe. Kisha nikasikia Dada anazungumza kwa sauti ya chini, Kiswahili kilichochanganyika na Kibembe, anacheka, ananyamaza, anasema tena. Ilichukua kama nusu saa.

Usiku wa pili ikawa vilevile. Asubuhi nikamuuliza kama kuna tatizo nyumbani.

“Hapana,” akasema. “Ni dawa. Nikishaamka kumeza dawa, usingizi unakwenda. Basi nampigia mama. Kule kumeshakucha, ni saa tatu.”

Nikamuuliza ni dawa gani hiyo ya saa nane usiku. Akanionyesha kichupa. Ilikuwa metformini, dawa ya kisukari ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu mmeiona kwa wazazi wenu. Maelekezo yaliyobandikwa kwenye kichupa yalikuwa ya Kiingereza: kidonge kimoja mara mbili kwa siku, pamoja na mlo.

Metformini husumbua tumbo, na husumbua zaidi ikimezwa bila chakula. Ndiyo maana humezwa wakati wa kula. Dada alikuwa anaimeza saa nane usiku kwa maji matupu, na saa nane mchana kazini, ambako ilimbidi aombe ruhusa ya kwenda chooni ili ameze. Kwa miezi mitano. Kichefuchefu, tumbo kukata, kuhara. Wiki mbili kabla sijafika alikuwa ameanza kuiruka, leo anameza, kesho anaacha.

“Nani alikuambia saa nane?” nikauliza.

Binti yake alikuwa amesimama pale, anafunga begi la shule. Yeye ndiye aliyekwenda na mama yake dirishani kwa mtu wa dawa. Mtu huyo alisema kwa Kiingereza: saa nane asubuhi, na saa nane jioni. Hiyo ni nane ya saa ya Kizungu, ambayo sisi tunaiita saa mbili. Binti alisikia namba nane akamwambia mama yake “saa nane na saa nane”. Habari za chakula alizisahau, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na foleni na mtu wa dawa alikuwa anaongea haraka.

“Hukushangaa kuamshwa usiku na dawa?” nikamuuliza Dada.

“Nilifikiri ndivyo dawa za Wazungu zilivyo.”

Binti alielewa kabla sijamaliza kueleza. Aliweka begi chini. “Mama, nimekuumiza?” akauliza, kwa Kiswahili. Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimemsikia akisema kwa lugha hiyo tangu nifike. Mama yake akamvuta akamkumbatia, akamwambia kosa si lake, aliyemtuma ni yeye.

Mkalimani wa miaka 14

Siku ile binti alichelewa shule, na aliniambia mengi. Anaitwa kutafsiri barua za mwenye nyumba, simu za umeme, vikao vya wazazi shuleni kwa mdogo wake. Anajua mama yake ana deni kiasi gani benki. Hospitali ndiyo anaichukia.

Mara moja mama yake alimwambia daktari “moyo unachafuka”. Wewe na mimi tunajua maana yake: anataka kutapika. Binti, ambaye Kiswahili chake ni cha jikoni, alitafsiri neno kwa neno, kwamba moyo wa mama umeharibika. Wakamlaza mama kitandani wakambandika nyaya kifuani kupima mapigo ya moyo. Moyo haukuwa na tatizo. Wakarudi nyumbani, na kichefuchefu kikabaki palepale.

Mara nyingine daktari aliuliza maswali wanayomuuliza kila mgonjwa: je, unalala vizuri, una huzuni, kuna mtu amewahi kukudhuru? Binti aliyatafsiri yote. Mama alijibu “hapana” kwa kila moja. “Nilijua anadanganya,” binti akaniambia, “lakini kazi yangu ni kutafsiri.”

Nilipomuuliza Dada kwa faragha, alisema: “Mtoto wangu anasikiliza. Ningesema nini?”

Katika masomo ya afya tunafundishwa tukio moja lililotokea Florida mwaka 1980. Kijana wa miaka 18, Willie Ramirez, alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Kuba, ilisema ni “intoxicado”. Kwa Kihispania chao neno hilo humaanisha mtu aliyedhurika kwa alichokula au kunywa. Madaktari walisikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, lenye maana ya kulewa, wakamtibu kama aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa chake. Alipooza mikono na miguu, na kesi iliishia kwa makubaliano ya fidia ya takriban dola milioni 71 kwa maisha yake yote. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila upande uliamini umeelewana na mwenzake.

Marekani ina sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza ubaguzi wa asili ya taifa kwa wanaopokea fedha za serikali, na kwa miaka mingi imetafsiriwa kuwa inajumuisha lugha ya mgonjwa. Kanuni zilizotolewa mwaka 2016 chini ya sheria ya bima ya afya zilikwenda mbali zaidi, zikakataza watoa huduma kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Machi 2025 serikali ya Rais Donald Trump ilitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta agizo la mwaka 2000 lililozitaka taasisi za serikali kurahisisha huduma kwa wasiojua Kiingereza. Sheria zile mbili za msingi hazikufutwa. Tatizo ni kwamba haki iliyoandikwa haimsaidii mtu asiyejua kwamba anaruhusiwa kuiomba.

Jumatatu Dada aliomba ruhusa kazini, tukaenda kliniki watatu. Mapokezi palikuwa na bango lenye lugha nyingi. Mstari mmoja ulikuwa wa Kiswahili: unaweza kupata mkalimani bila malipo.

“Hili nimeliona siku zote,” Dada akasema. “Nilidhani ni matangazo.”

Akaweka kidole kwenye ule mstari. Aliyekuwa mapokezi akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye kompyuta, na dakika kumi baadaye tulikuwa chumbani na simu ya mezani iliyowekwa spika. Sauti ya mwanamume ikasema, kwa lafudhi ya Kenya: “Habari yako mama, mimi ni mkalimani wako leo. Utakayosema hapa hayatoki.”

Dada alipofika kwenye “moyo unachafuka”, yule mtu aliuliza: “Unamaanisha unataka kutapika?”

“Ndiyo, hivyo,” Dada akasema, akafunga macho kidogo.

Dawa ikaelezwa upya: kidonge kimoja na chai ya asubuhi kabla ya kazi, kingine na chakula cha jioni. Muuguzi akamwomba arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akarudia. Kisha yakaja yale maswali mengine. Unalala vizuri? Una huzuni? Kuna mtu amewahi kukudhuru?

Dada akatugeukia mimi na binti yake. “Nyinyi tokeni nje kidogo,” akasema.

Tulikaa kwenye viti vya korido. Walikaa ndani dakika arobaini. Binti aliangalia simu yake, akaizima, akaiwasha. Hakuwa na kazi ya kufanya, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuwa hospitalini akiwa mtoto tu. Mama yake alipotoka macho yalikuwa mekundu na mabega yameshuka. Sikumuuliza alisema nini. Yale yalikuwa yake na daktari.

Faili lililobaki

Ninachoweza kusema ni kile alichonieleza mwenyewe usiku ule, tukiosha vyombo.

Dada ana mtoto mwingine, wa kwanza, kijana wa miaka 27. Mwaka 2017 majina ya familia yalipoitwa, kijana huyo alikuwa ameshaoa. Kwa utaratibu wa Marekani, mtoto aliyeoa au aliyefikisha miaka 21 huhesabiwa kuwa familia nyingine, na faili lake hutengwa na la mzazi. Bibi naye alikuwa na kadi yake mwenyewe. Walipoondoka, walidhani wengine watafuata baada ya mwaka mmoja au miwili.

Faili la kijana lilikwenda polepole: mahojiano, kusubiri, mahojiano tena, vipimo vya afya. Mwaka wa fedha wa Marekani ulioishia Septemba 2024, nchi hiyo ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote, karibu 20,000. Mwishoni mwa 2024 kijana aliambiwa ajiandae, safari ni Februari. Akagawa kuku wake. Mkewe akafunga mabegi.

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump alisaini agizo la kusitisha mpango wa kupokea wakimbizi. Safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Wiki iliyofuata waasi wa M23 waliingia Goma, na Februari wakaingia Bukavu, kwa hiyo kurudi Kivu nako hakukuwa na maana. Baadaye Marekani ilitangaza kwamba kwa mwaka mzima wa fedha wa 2026 itapokea wakimbizi wasiozidi 7,500, wengi wao wakiwa Waafrikana wa Afrika Kusini.

“Mabegi bado yamefungwa,” Dada akasema. “Mke wake anatoa nguo moja moja. Watoto wanakua, zile za chini haziwatoshi tena.”

Kijana huyo ndiye anayempelekea Bibi simu kila asubuhi. Saa tatu Nyarugusu, saa nane usiku Lexington. Kwa miezi mitano, kosa la tafsiri liliwapa mama na binti nusu saa kila siku, wakati watoto wamelala na hakuna kazi wala shule. Kabla ya hapo walikuwa wanaongea mara moja kwa wiki, haraka haraka, salio likiruhusu.

Nikagundua kwamba kwa kurekebisha dawa nimewaondolea kitu. Nilimwambia hivyo.

“Dawa imehama,” akasema, “lakini mimi bado naweza kuamka.”

Kama mwandishi wa afya nilimweleza kwamba mwenye kisukari anahitaji usingizi, na kwamba anafanya kazi na mashine. Alinisikiliza kama mtoto wake alivyonisikiliza mimi. Mwishowe tukakubaliana usiku mbili kwa wiki, siku ambazo kesho yake hana zamu.

Na hapa kwetu

Nimeandika habari hii kwa ajili ya wazazi wa hapa, na sikuona haya kumwambia mhariri kwamba inanihusu. Bibi yangu mzaa mama ni Msukuma wa Kwimba. Mimi nimekulia Dar es Salaam. Kwake najua kusema “mwangaluka”, na baada ya hapo nakwama. Alipolazwa miaka mitatu iliyopita, muuguzi alikuwa wa mkoa mwingine, na aliyetafsiri Kisukuma kwenda Kiswahili alikuwa binamu yangu wa darasa la sita. Mimi, mwenye shahada, nilisimama pembeni nimeshika mfuko wa machungwa. Mpaka leo sijui bibi alisema nini ambacho binamu hakukitafsiri, au aliacha kusema nini kwa sababu aliyekuwa anatafsiri ni mjukuu wake.

Lexington ni mbali, lakini lugha zinapotea kwa hatua zilezile. Bibi wa Nyarugusu anaota ndoto kwa Kibembe. Binti yake alikulia kambini, Kibembe kikapungua, Kiswahili kikashika nafasi. Mjukuu wa kike ana Kiswahili cha jikoni. Wa kiume ana “hai”. Hakuna aliyekusudia. Kila mzazi alikuwa na haraka ya jambo jingine: kutafuta chakula, kujaza fomu, kuwahi zamu.

Kwa hiyo, mzazi unayesoma hapa kwenye simu, mambo machache niliyojifunza.

Ukimpeleka mzee hospitali na hajui Kiswahili vizuri, usimpe mtoto kazi ya kutafsiri. Uliza kama kuna muuguzi anayejua lugha yake. Mara nyingi yupo. Akikosekana, atafsiri mtu mzima ambaye mzee hataona haya mbele yake.

Mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake kabla hamjatoka. “Nimeelewa” haitoshi. Dada alisema “nimeelewa” miezi mitano.

Kuwa makini na saa. Tazama simu yako sasa hivi: ikiandika 20:00, wewe unasema saa mbili usiku. Mtoto anayesomea shule ya Kiingereza huenda akakuambia “saa nane” na hajakosea kwa hesabu yake. Dawa itajwe pamoja na mlo: kabla ya chai, baada ya chakula cha usiku.

Na mpe mtoto lugha ya kuongea na bibi yake wakati bibi bado yupo. Haihitaji darasa. Inahitaji dakika kumi ambazo wewe hujibu kwa lugha nyingine.

Jumamosi saa tatu

Niliondoka Lexington siku ya Alhamisi bila salamu ya kurudisha. Nilijisikia vibaya.

Mwezi uliofuata Dada alinitumia ujumbe wa sauti. Tumbo limetulia, sukari imeanza kushuka. Hospitali sasa anakwenda peke yake, na jambo la kwanza anaweka kidole kwenye lile bango. Binti yake amepewa kazi nyingine. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, ambayo Kasulu ni saa kumi jioni, anakaa na mdogo wake mezani, wanampigia bibi, na kwa dakika kumi Kiingereza hakiruhusiwi. Yeye ndiye mwalimu. Kiswahili chake mwenyewe, Dada akasema, kimeanza kutoka jikoni.

Jumamosi ya kwanza mtoto alikaa kimya dakika tatu nzima. Kisha akasema maneno ambayo dada yake alikuwa amemfundisha usiku uliotangulia: “Bibi, umekula?”

Bibi akajibu kwamba amekula muhogo na maharage, akaeleza muhogo ulitoka shamba la nani na maharage aliyapikaje. Mtoto hakuelewa zaidi ya neno muhogo. Lakini hakukimbia. Alisubiri bibi amalize, akaangalia dada yake, akauliza tena swali lilelile, kwa kuwa ndilo pekee alilokuwa nalo.

“Umekula, Bibi?”

“Nimekula, mutoto wangu,” Bibi akamjibu. “Na wewe?”